Vitabu vya Upelelezi Vina Kosa Gani?



Habari imetufikia ambayo hatuwezi kuinyamazia. Katika paroki moja, karibu na sakristia, kuna kabati la vitabu. Si kabati kubwa, na mlango wake mmoja umekwisha kulegea, lakini ukitembea kwa miguu siku nzima hutaona lingine. Kamati iliyochaguliwa kulitunza ilianza kazi yake kwa kupunguza vitabu. Ilitoa vitabu vyote vya upelelezi, vya Kifaransa na vya Kiswahili, ikavitia katika gunia la viazi, kisha ikabandika mlangoni karatasi yenye sababu tatu. Ya kwanza: vitabu hivi vyafundisha watu kuua. Ya pili: vyapoteza wakati wa Mkristu. Ya tatu: vyasimulia mambo ya Paris, ya London, ya Unguja, nchi za mbali zisizotuhusu.

Maisha ya watakatifu yalibaki kabatini, nalo ni jambo jema. Lakini vilibaki pia vijitabu vya wahubiri wa barabarani, vile vyenye picha za moto na nyoka, vinavyoeleza dalili za kumtambua mchawi ndani ya jamaa yako. Vijitabu hivyo kamati haikuvigusa. Labda iliona vina faida ya roho.

Sisi twasema kamati imekosea, wala si kosa dogo. Imetupa dawa, ikahifadhi sumu. Na kwa kuwa wazee wa kamati ni Wakristu wenye nia njema, twawaheshimu kwa kuwajibu waziwazi.

Tuanze na sababu ya kwanza, maana ndiyo nzito. Je, kitabu kinachosimulia mauaji chafundisha kuua? Basi na Biblia Takatifu tuifunge, kwa sababu haijamaliza kurasa zake za kwanza twakuta maiti shambani, na ndugu wa marehemu anaulizwa habari zake, naye ajibu kwa ukali kama mtu anayeficha neno. Mungu, aliyejua yote, alianza kwa kuuliza. Hakuanza kwa kupiga. Wazee wetu wamewahi kuliwaza jambo hilo?

Tena wafungue kitabu cha Nabii Danieli, sura ya 13. Ndugu zetu Waprotestanti hawanayo katika Biblia yao, lakini sisi tunayo, nayo husomwa katika misa Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima. Wazee wawili, waamuzi wa watu, wamtamani Susana, mke wa mtu, katika bustani ya mumewe. Awakataa. Basi wamshitaki kwamba wamemwona na kijana chini ya mti. Watu wote waliamini, kwa sababu wasemaji walikuwa wazee na walikuwa wawili. Mwanamke alikuwa akipelekwa kuuawa, ndipo kijana Danieli alipopaza sauti. Alifanya nini? Hakufanya mwujiza. Aliwatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake swali dogo sana: ni chini ya mti gani? Huyu akataja mti huu, yule akataja mwingine. Uongo ukaonekana mchana kweupe. Na sura inayofuata, ya 14, ni upelelezi mtupu. Sanamu ya Beli yasemekana hula chakula usiku. Danieli anyunyiza majivu sakafuni, mlango watiwa muhuri, na asubuhi nyayo za wanaume, za wanawake na za watoto zaonekana katika majivu. Makuhani na jamaa zao ndio waliokula, kwa kupitia mlango wa siri chini ya meza.

Kuwahoji mashahidi mmoja mmoja, nyayo, mlango uliofungwa: msomaji wa vitabu vya upelelezi ayajua haya yote. Havikuzaliwa mbali na kanisa.

Wala mapadri hawakuviogopa. Mwingereza G. K. Chesterton alianza mwaka 1910 kuandika hadithi za Padri Brown, padri mfupi wa paroki mwenye uso wa mviringo na mwavuli mkubwa unaomsumbua mikononi. Alimtunga kwa kumfikiria padri wa kweli, John O'Connor, rafiki yake, aliyemshangaza kwa kuujua uovu wa watu kuliko wanavyoujua watu wa dunia wenyewe. Chesterton aliingia Eklezia Katoliki mwaka 1922, miaka 11 baada ya kitabu cha kwanza cha Padri Brown. Katika hadithi ya kwanza kabisa mwizi mkubwa, Flambeau, amevaa kanzu ya padri na kufuatana na Padri Brown ili amwibie msalaba wa thamani. Padri amtambuaje? Mwizi yule alizungumza kana kwamba akili ya mtu haina thamani mbele ya mambo makuu ya Mungu, na Padri Brown alijua kwamba padri aliyefundishwa vizuri hasemi hivyo. Twawaomba wazee walifikiri jambo hili mara mbili. Aliyeidharau akili kwa jina la dini, ndiye aliyekuwa mwizi.

Baada yake akaja Ronald Knox, padri tangu mwaka 1919, ambaye baadaye alitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza, naye alitunga vitabu vya upelelezi. Mwaka 1929 alitoa amri kumi kwa watungaji wenzake, nusu kwa mzaha. Moja yakataza kuingiza mizimu na nguvu zisizo za kawaida katika kueleza mauaji. Nyingine yamtaka mpelelezi asifiche dalili aliyoiona, bali msomaji naye aione palepale. Angalieni: mtu aliyesoma misa, aliyeamini malaika na shetani, ndiye aliyesema kwamba katika kumtafuta muuaji mizimu ikae nje. Je, imani yake ilikuwa haba? Hapana. Shetani hushawishi moyo, lakini kisu hushikwa na mkono wa mtu, na mtu huyo ana jina, na alikuwa mahali fulani saa fulani.

Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana hapo ndipo penye maumivu yetu.

Mwaka 1960 kilitoka kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, *Mzimu wa Watu wa Kale*, baada ya hadithi hiyo kushinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58. Tajiri mmoja, Bwana Ali, akutwa amekufa mahali pa mzimu, mahali wanapopaogopa watu. Watu wasema nini? Wasema kama wanavyosema watu wa kwetu. Ndipo aja Bwana Msa na kiko chake mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum. Bwana Msa hana haraka. Auliza na kusikiliza, apima neno la huyu kwa neno la yule, atazama kile ambacho wengine wamekipita. Muuaji si mzimu. Hatutamtaja; kisomeni wenyewe. Mwandishi huyo hakutuandikia sisi wa Kivu wala wa Katanga, na watu wake ni wa pwani, wenye desturi na sala zao. Lakini hatujaona kitabu cha Kiswahili kinachofaa zaidi kuwekwa katika kabati la paroki ya Kongo. Hicho nacho kimo guniani.

Sasa tuwaambie jambo lililotokea katika kijiji kimoja tunachokijua.

Mtu mzima, mwenye nguvu, alirudi jioni kutoka shamba lake la kahawa. Tumbo likamshika, akatapika, jasho likamtoka, akafa kabla ya jogoo kuwika. Maiti haijaoshwa, jina lilikuwa limekwisha kutajwa. Ni mjane mmoja aliyekaa peke yake karibu na kijito. Miezi minne nyuma alikuwa amegombana na marehemu juu ya mbuzi aliyekula maharagwe. Hilo lilitosha. Vijana walifika na tairi na petroli. Katekista alisimama mlangoni pa mjane, akapigwa. Huku nyuma mama yule akapitishwa katika mashamba ya mihogo mpaka misioni, akalazwa katika chumba cha kuwekea mahindi. Alikaa hapo miezi mitatu.

Kilioni mtoto wa shule wa miaka 14 aliuliza: “Baba mkubwa alikunywa nini kule shambani?” Alipigwa kofi kwa kutoheshimu msiba. Kesho yake akauliza tena, safari hii akamwuliza muuguzi wa zahanati. Muuguzi akaenda naye shambani, wakaiona: chupa ya bia yenye dawa ya kuua wadudu, imekwisha kuchanganywa na maji, imewekwa kivulini. Kando yake chupa nyingine kama hiyo, yenye pombe ya ndizi. Chupa mbili sawasawa, jua kali, na mtu mwenye kiu. Muuguzi alisema kwamba kutapika kule na jasho lile ndizo dalili za dawa ile.

Mtoto yule alikuwa msomaji wa kabati tulilolitaja. Hatusemi kwamba vitabu vilimwokoa mjane. Aliyemwokoa ni katekista, na ilimgharimu meno mawili. Twasema tu kwamba kati ya watu wote waliokuwa kilioni, mmoja aliuliza swali, na kuuliza vile alijifunza mahali.

Je, mjane alirudi nyumbani? Hakurudi. Wazee wa kijiji walionyeshwa chupa, wakatikisa kichwa, wakasema: na ni nani aliyempofusha macho hata asitambue chupa? Kwa maneno ya namna hiyo hakuna ushahidi utakaotosha mpaka mwisho wa dunia. Na shamba lake la karibu na kijito, lenye maji hata wakati wa kiangazi, lalimwa na nani sasa? Lalimwa na yule aliyelitaja jina lake kwanza usiku ule. Msomaji wa Bwana Msa angaliuliza tangu jioni ya kwanza: nani atapata faida?

Haya si mambo ya kijiji kimoja. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake waliuawa na makundi ya watu, wengine kwa moto, kwa kushukiwa uchawi. Kinshasa na katika miji mingine watoto wadogo wamefukuzwa nyumbani kwa jina la kindoki, hata sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mtoto, ikaweka katika kifungu chake cha 160 adhabu kwa anayemshitaki mtoto kwamba ni mchawi. Sheria ipo. Katekisimu ya Eklezia Katoliki ya mwaka 1992 nayo ipo, na namba 2477 yaitaja dhambi ya hukumu ya haraka: kumwona mwenzako kuwa amekosa bila msingi wa kutosha, hata kama hukusema neno. Hata kama hukusema neno! Twaungama hasira, twaungama ulevi, twaungama kukosa misa. Ile siku tulipotikisa kichwa kilioni pamoja na wengine, hatuiungami, kwani midomo yetu ilikuwa imefungwa.

Basi twauliza: ni wapi Mkristu afanyapo mazoezi ya amri hii ya nane? Mahubiri ni ya Jumapili moja, nayo husahauliwa njiani. Kitabu cha upelelezi hukuacha ufanye kosa lenyewe, umekaa kitini, bila kumdhuru mtu. Ukurasa wa 30 umekwisha kumhukumu mpishi, maana ana uso mbaya na majibu mafupi. Ukurasa wa 60 wahakikisha ni yule mgeni, kwa sababu ni mgeni. Mwishoni waona kwamba mpishi alikuwa akilia mtoto wake, mgeni alikuwa akificha umaskini wake, na muuaji ni yule bwana mpole uliyempenda tangu mwanzo. Waona haya kidogo, peke yako, na taa yako. Ukiisha kuona haya hivyo mara kumi, mara ishirini, ulimi wako huwa mzito kidogo kilioni. Hatudai zaidi ya hapo.

Sasa sababu ya tatu. Ya pili tutaigusa baadaye. Wasema kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali. Ajabu ni kwamba maneno haya yasemwa katika Kongo, nchi iliyopata nafuu moja kubwa kwa sababu mtu wa mbali alifikiri kama mpelelezi.

Mnamo mwisho wa karne ya 19 karani mmoja wa kampuni ya meli ya Liverpool, E. D. Morel, alitumwa mara kwa mara Antwerp, bandari ya Ubelgiji, kuangalia meli za Kongo ya Mfalme Léopold II. Hakuwa amefika Kongo hata siku moja. Alitazama tu mizigo na hesabu. Meli zilifika zimejaa mpira na pembe za ndovu. Zikirudi Kongo zilipakia nini? Bunduki, risasi, askari. Na bidhaa za kununulia mpira ule, karibu hakuna. Morel akajiuliza: mali hii yote yalipwa kwa nini? Akajijibu: hailipwi. Basi watu wanalazimishwa kwa silaha. Aliacha kazi yake mwaka 1901 ili awaambie watu wote. Mwaka 1903 konsuli wa Uingereza, Roger Casement, alipanda mto Kongo, akawauliza wanavijiji mmoja mmoja, akaandika majibu yao, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1904. Mwaka 1908 Kongo ilitoka mikononi mwa mfalme. Taabu hazikuisha, sote twajua, lakini nchi haikuwa tena shamba la mtu mmoja.

Na ni nani aliyechukua kalamu mwaka 1909 na kuandika kitabu kizima juu ya uovu uliotendwa Kongo? Ni Arthur Conan Doyle, yule aliyemtunga Sherlock Holmes. Alisoma kwa Mapadri Wayesuiti huko Stonyhurst, kisha akaiacha imani, na uzeeni akaanza kuamini kwamba azungumza na roho za wafu. Hilo ni jambo la kusikitisha, tena la ajabu, maana Holmes wake hakuamini kamwe upuuzi huo: katika kitabu cha mwaka 1902 watu wote wamwogopa mbwa wa kuzimu atokaye katika laana ya zamani, na Holmes aonyesha kwamba ni mbwa wa kawaida, na nyuma yake yupo mtu anayetaka urithi.

Tuseme ukweli hata ukituuma: wakati ule Wakatoliki wengi walikuwa upande wa mfalme, na sauti nyingi za kuwatetea watu wa Kongo zilikuwa za wamisionari Waprotestanti. Alikuwapo Padri Arthur Vermeersch, Myesuiti, aliyeandika kwa ukali mwaka 1906. Lakini wa namna yake hawakuwa wengi. Wengine walikataa kuuliza. Kuuliza kuliwaelekea kuwa kukosa heshima, kama vile kule kilioni.

Kwa hiyo vitabu vya mahali mbalimbali, twasema, vije. Vije vya Georges Simenon, mtoto wa Liège, aliyehudumia misa akiwa mdogo. Mpelelezi wake, Maigret, afanya kazi Paris tangu mwaka 1931, lakini si Paris ya picha za ukutani. Ni Paris ya mvua, ya vyumba vibaya, ya wapangaji wasiolipa, ya wanawake wanaosubiri mtu asiyerudi. Kijana wetu anayedhani kwamba Ulaya mtu huokota fedha barabarani, na asome vitatu vya hivyo kabla ya kuuza shamba la baba yake. Na kimoja, cha mwaka 1932, chafaa kusomwa na kila paroki. Polisi wapata barua kwamba uovu utatendeka katika kanisa la Saint-Fiacre, kijiji alikozaliwa Maigret, wakati wa misa ya kwanza siku ya Marehemu Wote. Maigret aenda, akaa katika benchi, misa yaisha, na mama mzee mwenye jumba la kijiji haondoki mahali pake. Amekufa. Hakuna jeraha wala sumu. Ndani ya kitabu chake cha misa mtu ametia kipande cha gazeti la uongo, chenye habari kwamba mwanawe amejiua. Na moyo wake mgonjwa umesimama. Muuaji ametumia uongo tu, na Maigret ajua kwamba sheria haina kifungu cha kumkamata. Nani kwetu hawezi kukielewa kitabu hiki? Sisi tunaoua kwa maneno na kwenda kukomunika?

Vije pia vya Botswana, ambako tangu mwaka 1998 Alexander McCall Smith amesimulia habari za Mama Ramotswe wa Gaborone, mwenye mwili mnene, chai yake na gari lake dogo jeupe. Katika kitabu cha kwanza mtoto amepotea, na watu wanong'ona kwamba ameuawa kwa ajili ya dawa za waganga. Mama Ramotswe naye aogopa hivyo, lakini haishii katika kuogopa: aendelea kuuliza, na mtoto apatikana hai. Vije vya Achille Ngoye, mzaliwa wa Mahagi katika Ituri, Mwafrika wa kwanza kuingia, mwaka 1996, katika Série noire, mfululizo wa vitabu vya upelelezi ulioanzishwa Paris mwaka 1945. Mtoto wa Mahagi! Na kamati yasema kwamba mambo haya hayatuhusu. Vitabu vyake vina maneno makali na havifai watoto, twakiri. Viwekwe rafu ya juu. Lakini viwekwe.

Anayesoma kwa mfululizo namna hii, leo Paris, kesho Unguja, kesho kutwa Gaborone, huacha kidogo kidogo maneno mawili ya kipumbavu. La kwanza ni kwamba uovu ni wa kwetu tu, sisi watu weusi tumelaaniwa. La pili ni kwamba uovu ni wa wengine, wa kabila la ng'ambo ya mto. Kaini ana nyumba katika kila mtaa.

Juu ya kupoteza wakati hatuna maneno mengi. Wazee wanaolalamika juu ya wakati wa vijana, wapime kwanza saa wanazokaa wenyewe mbele ya mpira wa Ulaya katika simu.

Lakini tusije tukaambiwa kwamba twasifu kila chenye damu ndani yake. La. Viko vibaya, tena vilivyoandikwa vizuri, na hivyo ndivyo vya kuangaliwa. Agatha Christie, aliyemfanya mpelelezi wake Poirot kuwa Mbelgiji mkimbizi wa vita ya 1914, alitoa mwaka 1934 kitabu cha mauaji ndani ya treni. Asiyekisoma atusamehe, maana hatuwezi kujadili bila kufunua. Watu kumi na wawili wamchoma kisu mtu mmoja, kila mmoja kwa zamu, kwa sababu huyo alimwua mtoto na mahakama ikamwacha. Poirot ajua yote, kisha awaachilia. Wasomaji wengi duniani wamepiga makofi. Sisi hatupigi. Tumeyaona makundi ya watu wenye haki kama wale kumi na wawili; hayakuwa katika treni ya fahari, bali barabarani, yana tairi mkononi, na kila mmoja alikuwa na hakika yake. Katika kitabu mtungaji ametuhakikishia kwamba aliyekufa alikuwa na hatia. Barabarani nani atuhakikishie? Padri Brown atupendeza zaidi: mwizi Flambeau hakuchomwa kisu, alitubu, na baadaye akawa rafiki wa padri na mpelelezi mwenyewe.

Hata katika Kiswahili tunavyo vya kupimwa. Vile vya Elvis Musiba vyenye mpelelezi Willy Gamba vyapendwa sana na vijana, na kimoja, *Kikosi cha Kisasi* cha mwaka 1979, chawapeleka wasomaji mpaka Kinshasa. Vyakimbia kama gari bila breki, na lugha yake ni tamu. Lakini Willy Gamba haulizi sana. Hupiga risasi, huenda kwenye baa, hupiga tena. Adui ajulikana mapema na kazi iliyobaki ni kumwua. Kijana akisoma hivyo tu, atajifunza kasi na si subira. Hatusemi vichomwe. Twasema mtoto apewe Bwana Msa kwanza.

Iko hoja moja ambayo kamati haikuiandika, lakini mama mmoja alituambia baada ya misa, nayo ni nzito kuliko zote tatu. Alisema: “Wazee wangu, katika vitabu vyenu polisi huja. Kwetu polisi huja ukilipa petroli ya pikipiki, na karatasi ya kuandikia, na soda. Mtoto wangu aliuawa miaka sita iliyopita. Maigret wangu yuko wapi?”

Hatukuwa na jibu la kumpa mama huyo, na hatutajifanya kuwa nalo hapa. Ni kweli kwamba kwetu maiti nyingi huzikwa bila swali lolote, na wengi wauawao katika Kivu na Ituri hawaandikwi hata jina. Lakini tazameni mama huyu amesema nini. Hakusema kwamba mwanawe alilogwa. Hakumtaja jirani. Alisema kwamba anamtaka mtu wa kuja, kuuliza, kuandika. Amejua haki yake inaitwaje, naye aiona haipo. Wapo wanaofurahi kuona watu hawaijui kabisa, maana asiyejua kudai uchunguzi hutosheka na mchawi, na mchawi hapunguzi mshahara wa mkubwa yeyote.

Kwa hiyo twaomba vitabu virudishwe kabatini, na vile vijitabu vya nyoka na moto viingie guniani badala yake. Mtoto wa chupa mbili ameomba awe anashika ufunguo Jumapili baada ya misa ya pili, apewe. Mlango uliolegea utahitaji bawaba mbili na misumari, na fundi amekubali kuutengeneza bure.

Gunia halijachomwa, hilo tumehakikisha. Liko nyumbani kwa mmoja wa wazee wa kamati, chini ya kitanda. Juma lililopita mzee huyohuyo alitushika mkono nje ya kanisa, akatuvuta kando ya ukuta, akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli kwamba kurasa za mwisho za kitabu cha Bwana Msa zimechanika kwa wote au katika nakala ile tu, na kama sisi tunajua nani alimwua Bwana Ali. Hatukumwambia.